Vijiwe

Kijiwe cha Mlango wa Papa kina wanaume saba,
kahawa tungu, kashata, na habari za watu.
Kijiwe changu kiko chini ya ubavu wa kulia.
Wanachama watatu. Hawanywi chochote,
na wakiamka saa nane za usiku
hawaulizi kama nimelala.

Nakaanga viazi karai mwaka wa kumi na tisa.
Mafuta nayajua kwa sauti:
yakinong'ona, bado; yakicheka, tia.
Sikujua kuwa nayo yananijua.

"Upepo huo," alisema Mama Fauzi, akanisugua tangawizi.
"Jicho," akasema yule anayeonja asinunue.
Maumivu yakapanda hadi chini ya bega,
nikainama nikijifanya naokota kiazi.

Shee Athmani wa Marikiti alinipimia kwa kiganja:
manjano, habasoda, siki ya tufaha kabla ya alfajiri.
Na usiku wa Alhamisi, kikombe cha mafuta ya zeituni,
ndimu nne,
lalia ubavu wa kulia, usiseme na mtu.
Nikanyamaza. Mimi!
Mume wangu aliwasha taa mara mbili kunitazama.

Asubuhi vikatoka, vya kijani, kama kunde mbichi.
Thelathini na kimoja. Nikaviosha,
nikaviweka kwenye kisahani cha harusi.
Kigelegele cha Mama Fauzi kilishuka ngazi zote.
Adhuhuri, jua la darini likavikuta.
Vikalegea.
Vikatandaa.
Vikanuka ndimu.
Jiwe gani linayeyuka?
Mafuta nayajua mimi.
Nikasugua kisahani, sabuni juu ya sabuni,
sikumwambia mtu.

Usiku ule mambo yakatumbukia nyongo kwelikweli.

Makadara, daktari Mwaringa alinipaka ute baridi tumboni,
akanigeuzia kioo: watatu wale wale,
wamekaa kitako, hakuna aliyesogea
hata kumpisha ndimu.
"Manjano mchuzini ni mazuri," alisema, wala hakucheka,
"ila jiwe halisikii mchuzi.
Na siku macho yakipiga manjano, au homa ikikushika,
usingoje Alhamisi."

Sasa vimo katika chupa ya wanja ya marehemu mama.
Shee Athmani alikuja kununua viazi,
akauliza kama dawa ilifaa.
Nikamwongezea ukwaju.
"Ilininyamazisha usiku mzima," nikamwambia,
"muulize mume wangu."

Jana wanaume saba wakataka kuviona.
Kimoja, cha rangi ya kashata, kikazunguka
kiganja kwa kiganja, kama shilingi ya zamani,
kila mtu na mzaha wake.
Bakari fundi saa hakukipokea.
Kahawa yake imepoa,
mkono kaubana ubavuni,
na jasho, ilhali kuna upepo.

Nikarudisha kijiwe changu chupani.
"Kesho," nikamwambia, "mimi na wewe, Makadara.
Na usipitie Marikiti."