Saa Mbili ya Nani

Siku ya tatu Arusha, ukumbi una baridi kuliko nje,
na bado tuko kifungu cha saba, aya ya nne:
namna skrini ya umma inavyopokea wakati.
Mjumbe wa Seoul anataka neno "lazima".
Mjumbe wa Toronto anasema "inashauriwa" yatosha,
watengenezaji wasije wakakimbia.
Wakalimani kwenye vibanda vyao vya kioo
wanarushiana neno kama kiazi kilichotoka jivuni.
Meru umejifunika tangu asubuhi.
Nimekunywa chai ya nne. Sijanyoosha mkono.
Kibandiko kifuani kinasema: E. Lyatuu, fundi, Moshi. Mwangalizi.

Wao huziita zote kwa jina moja, mtandao.
Mimi nazijua moja moja:
ya stendi, inayozimia jua likiipiga usoni;
ya hospitali, msaada wa watu walioondoka na nywila;
ya soko la Mbuyuni, mali ya muuza magodoro,
iko tayari kusema lolote mradi godoro litangulie.
Wake wenza watatu, ua mmoja,
hawasalimiani.

Aprili ile mvua ilinyesha juu, msituni, siku mbili.
Sisi huku chini tuliona mawingu tu.
Simu ikaingia kutoka ofisi ya maji: Rau unapanda,
watu wa Njoro wahame,
tangaza saa mbili usiku, kabla hawajalala.

Skrini ya hospitali ikaukataa ujumbe: umbo silo.
Ya stendi ikazipokea herufi, ikatoa visanduku vitupu.
Ya Mbuyuni ikauliza, saa ngapi?
Nikaandika 2.
Mchana au usiku?
Nikachagua usiku.
Ikanipa alama ya vyema, ya kijani.
Nikaenda kula.

Mashine haikukosea. Ilihesabu
kama waliyoiunda wanavyohesabu, tangu katikati ya giza.
Sisi jua likizama tunaanza upya.
Kati ya saa mbili yake na saa mbili yangu
palikuwa na saa sita,
na ndani ya saa sita
mto mzima ukapita.

Ikawaka nyekundu wakati majogoo ya kwanza bado yamelala:
HAMENI SASA.
Walioisoma ni mbwa wawili
na mlinzi mmoja, maji magotini.
Hakufa mtu. Nalisema hili upesi, kila mara,
kabla sijaulizwa.
Lakini maharage ya Mama Aisia, magunia kumi na moja,
yalichipua yakiwa ndani ya gunia,
vikonyo vyeupe vikatoboa katani
kama vidole vinavyotafuta mlango.

"Mwangalizi kutoka Moshi?"
Mkono wangu uko juu. Sijui nani kauinua.
Nasema: kwetu saa mbili usiku ni ishirini, sifuri sifuri.
Vibanda vinanyamaza. Mkalimani mmoja anaomba nirudie.
Narudia. Narudia na kidole nikakionyesha,
hiki, ndicho kilichobonyeza.
Sikulia. Nilitaja maharage.

Hadi jioni wameandika: tarakimu nne,
na saa za eneo zitajwe,
na mwenye kutuma aonyeshwe, kwa lugha yake,
saa aliyoichagua, kabla hajathibitisha.
Neno "lazima" wameliweka ndani ya mabano ya mraba.
Mabano yatafunguliwa kikao kijacho,
mbali, penye theluji isiyo yetu.

Jumamosi nikapita Mbuyuni.
Godoro liko palepale kwenye skrini, linaelea.
Mama Aisia anapima maharage mapya.
"Hiyo sheria yenu itatoka lini?"
"Wanasema miaka miwili, mama."
Akasawazisha kibaba kwa kiganja,
punje tatu zikadondoka, akaziokota.
"Miwili ya kwao," akauliza, "au ya kwetu?"