Jina Kwenye Skrini

Mkanda wa begi lake ulikatikia Kibuye,
Jumapili, soko limefurika hadi mitaroni,
akaletwa kwenye cherehani yangu na mtoto wa muuza ndizi
kama mtu anayepelekwa zahanati.

Kroatia, alisema. Nikaitikia kwa kichwa,
nikachagua uzi mweusi, ule mnene wa viatu.
Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni,
kila neno limepigwa pasi.
Shilingi ngapi? Mia tatu hamsini.
Akatoa kadi. Nikacheka. Cherehani yangu ni ya kukanyaga,
kadi utaichomeka wapi?

Basi akatoa simu.
Laini aliisajili juzi kwa pasipoti, duka la mjini,
namba ya siri anaificha kwa kiganja
hata mbuzi akipita.
Nikamtajia namba yangu, tarakimu moja moja,
akanirudishia moja moja, jasho likimtoka.

Wateja wangu hawasomi. Wanabonyeza, wanaondoka,
wako barabarani ndipo simu yangu inalia.
Huyu alisoma.
Aliisogeza skrini kivulini, chini ya mwavuli wangu wenye tobo,
akasoma kwa sauti
kama karani anayeita mtu mahakamani:
ZABLON NGONGA.
Ndiye wewe?

Miaka mitano sokoni hapa
hakuna aliyelitaja. Majirani hulikwepa kama dimbwi.
Mwanangu huanza, "Baba ali—", kisha huuliza chumvi iko wapi.
Laini ilikuwa yake. Cheti cha kifo ninacho,
kimekunjwa ndani ya kopo la vifungo;
kila mwezi nasema nitaenda wabadilishe,
kila mwezi kuna sketi za shule za kupinda.

Ndimi, nikamwambia. Tuma.

Akanitazama, akatazama hereni zangu,
akatazama skrini. Akabonyeza
kama anayekanyaga daraja la kamba.

Simu ikalia. Imethibitishwa. Umepokea.
Na lake nalo refu, mashine imelikatia njiani:
TOMISLAV, halafu nusu ya ukoo.
Nikajaribu kuisoma hiyo nusu. Nikaiparuza vibaya.
Tukawa sare.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo.
Sijui kama nilipona.
Alikuwa ameshavaa begi, anavuta mkanda kuupima,
nikamwambia, ujumbe wako unao? Lisome tena.
Ngonga, akasema.
Hapana. Mashine haina king'ong'o, wewe una pua.
Ulimi urudi nyuma, kaza koo, acha pua ifanye kazi.
Ngo— Hapana.
Ng'o— Hapo hapo. Endelea.

Mara ya nne akalipata,
akalipata lote, kwa sauti ya mtu aliyefurahi,
Zablon Ng'ong'a!
na muuza ndizi, mkono bado kwenye mizani,
akageuza shingo kutazama njiani.