Karatasi ya Nne

Usianze na namba iliyopakwa rangi kwenye ukuta wa bandari.
Hiyo ilikufa. Niliipiga siku kumi na moja,
akapokea muuza matairi, mtu mwema, akaniambia:
"Mama, wananililia hapa tangu mwaka juzi
nami sina la kuwaambia. Huwa nawaambia wavute pumzi."

Anza na hii ya chini, ya wino mwekundu.
Piga kabla ya saa tatu asubuhi.
Mashine itakutajia milango saba. Bonyeza nne.
Moja ni ya wenye madeni.
Kisha kinanda kitaanza, wimbo mmoja, mara sita.
Usikate.
Nilikuwa opereta wa simu miaka thelathini na miwili,
nakijua kimya cha mtu anayetaka kukata:
pumzi hurudi nyuma, kama paka aliyeona maji.
Usikate.

Atapokea Yasna. Sauti yake kavu; ndivyo alivyoumbwa.
Akitaka namba ya kitambulisho, si polisi huyo.
Akiuliza tatizo, huna haja ya kulijua jina lake.
Sema: silali. Yatosha.
Sema: kuku wangu wana siku tatu hawajala
na mimi niko dirishani nawatazama.
Yatosha kabisa.

Sitakudanganya, foleni ni wiki tisa.
(Karatasi ya tatu ilisema tano. Niliamini nilichoambiwa.)
Katikati ya hizo tisa kuna Jumanne,
chumba cha nyuma ya maktaba, chai chungu,
na Oyarzo fundi viatu, ambaye hatibu mtu:
anasubiri nawe tu.
Na usiku usiosubiri Jumanne
nenda hospitali, mlango wa nyuma, taa haizimwi.
Waambie: naogopa kubaki peke yangu.
Sema hivyohivyo, usiipambe, usiipunguze.

Siku ya miadi, upepo utakuwepo.
Hapa Punta Arenas, upepo ndio mwenyeji.
Shika kamba. Manispaa huzifunga kando ya barabara
ili wazee tusipeperushwe hadi mlango-bahari.
Wageni huzipiga picha.
Wewe shika. Nani atajua
kwamba unashikilia kwa sababu nyingine?

Usitafute bango, lilichukuliwa Septemba.
Mlango wa kijani, baina ya kinyozi na muuza vipuri.
Kengele ni pambo. Gonga.
Ndani hawatakukodolea macho,
kila mtu anatazama viatu vyake.
Mimi nilikitambua kiatu cha mwalimu wangu wa hesabu,
naye akakitambua changu,
tukaamkiana kwa ncha za vidole.

Kaka yangu Nolberto, mkata manyoya ya kondoo,
aliipiga ile ya ukutani,
kabla muuza matairi hajapewa.
Najua, maana niliikuta mfukoni mwa koti lake,
kwenye ganda la pakiti ya sigara,
na kando yake, kwa penseli: *hawapokei*.
Mara tatu. *Hawapokei.*

Husemwa, mficha maradhi kilio humfichua.
Kwenye matanga walimsemea hivyo, mbele yangu,
huku wakimega mkate.
Lakini yeye hakuficha.
Alipiga simu.

Basi. Karatasi hii ni ya njia.

Nimeibandika kwa mwokaji, kituo cha basi,
na ndani ya mlango wa choo cha mnada wa kondoo,
mahali mwanamume husoma bila kuonekana anasoma.
Ukiikuta imelowa, chana, chukua namba tu.
Ukipiga wakabadilisha chochote,
wimbo, mlango, hata Yasna akistaafu,
nigongee dirisha. Nyumba ya bati la bluu,
taa ya jikoni.
Saa yoyote.
Nitavaa miwani, niandike ya tano.

— Eduvigis Mansilla