Hapa, na Alama ya Mshangao

Novemba, Dundee. Saa kumi jioni giza limeshaingia,
ukungu wa mto Tay umepanda Barabara ya Perth
hadi dirisha letu la ghorofa ya tatu,
nami napigana na mkwaju
uliolala kinyumenyume mbele ya kila amri.

Nilidhani kuandika ni kuandika.
Unabonyeza, herufi inakuja, basi.
Programu hii haitaki hivyo. Unaiambia kwanza:
hiki kichwa, hiki kifungu, hii hesabu,
kisha unaipisha ikapike yenyewe,
na mara nyingi inarudi na sufuria tupu
na orodha ndefu ya malalamiko.

"Mstari wa mia mbili na kumi na mbili," ikalalama.
Nikaupekua kama anayetafuta chawa.
Ulikuwa safi.
Catriona, meza ya jirani, soksi zake zikikauka kwenye hita,
akasema bila kuinua uso: Panda juu.
Kosa halilii pale lilipozaliwa.
Nikapanda. Mstari wa arobaini na moja:
mabano yenye kiuno, niliyafungua wiki iliyopita
nikaenda kula chipsi na siki,
sikurudi kuyafunga.

Siku nyingine zikaja alama za kuuliza,
mbili mbili, kila nilipotaja jedwali:
tazama jedwali ??, kina cha kisima ??
Maana yake haijui bado. Lazima isome mara mbili,
ya kwanza ihesabu, ya pili ikumbuke.
Hilo nililielewa upesi.
Ndivyo ninavyomsikiliza muuza mikate wa hapa chini.

Lakini picha.
Picha ni moja tu katika makala nzima:
kisima namba saba, Mwankoko, Singida,
mwezi wa kumi, kabla ya mvua,
na mkono wa Ntandu umeshika futikamba,
maji yako mita kumi na nane chini ya vidole vyake.
Niliiweka penye maneno yake.
Programu ikaipima, ikaona haienei,
ikaiachia ielee hadi ukurasa wa kumi na tisa,
nyuma ya marejeo,
kama mtu aliyeambiwa asubiri nje.

Ntandu mwenyewe alishaambiwa.
Visima thelathini na vinne tulivipima,
yeye na mimi na baiskeli moja isiyo na breki,
ila Profesa Ainslie, kwa upole, kalamu mkononi:
Waandishi watatu wanatosha. Msaidizi, mshukuru kwenye tanbihi.
Tanbihi ni herufi za pointi nane.
Na hata huko, jina lilipofika ukingoni
mashine ikalikata kwa kisu cha Kiingereza,
"Ntan" juu,
"du" chini.

Usiku ule nikajifunza amri mbili.
Moja ya kuifundisha silabi:
Nta-ndu, wewe, si Ntan-du.
Au afadhali usimkate kabisa. Mstari ukipungua, upungue.
Ya pili ni ya picha.
Catriona aliiandika kwenye kikaratasi cha njano:
herufi h, halafu alama ya mshangao.
H ya nini? Akanitajia neno la kwao.
Nikacheka mpaka akavua vipokea sauti masikioni.
Hata kwetu ni h, nikamwambia.
Hapa!

Nikapika mara moja. Nikapika tena.
Ukurasa wa nne, chini ya maneno "kina cha maji": mkono.
Juu yake limebaki pengo jeupe la ovyo,
vidole vitatu hivi, mhariri atalilalamikia.
Na alilalamikie.

Saa sita usiku nikapanda juu kabisa ya faili,
penye amri ya waandishi,
majina matatu na koma zake.
Nikaongeza koma.
Nikaandika la nne, bila kulikata.

Profesa sijamtumia bado.
Mabano nimeyafunga.