Kitako Chenye Ufa

Fundi Reijo ameilaza mezani, juu ya gunia,
kama mgonjwa aliyekwisha kuvuliwa shati.
Nje, Kuhmo inanyeshewa mvua nusu, theluji nusu.
Nimekuja na swali moja, nimelifumbia mdomo
tangu nyumbani, kilomita arobaini:
niitengeneze, au ninunue nyingine?

Niliinunua imeshatumika, kwa mjane wa Onni Pikkarainen,
pamoja na mkanda wa ngozi na nusu boksi la risasi.
Hakutaka kupatana bei. "Itoe tu humu ndani," alisema,
"inanitazama ninapokunywa kahawa."
Miaka kumi na tisa sasa. Ufa ulikuwapo tangu siku ile,
mwembamba, chini ya komeo,
kama unywele ulionasa kwenye sabuni.

Usipoziba ufa, wanasema. Mimi nimeuziba:
mara ya kwanza kwa gundi,
mara ya pili kwa gundi na uzi,
mara ya tatu kwa kutoutazama.

Reijo anapiga hesabu kwa penseli nyuma ya bahasha.
Kitako kipya cha mti wa jozi, euro mia nne.
Mtutu, ukitaka na mtutu, mia saba,
na kungoja mpaka Machi.
Na pale ukutani, nyuma ya kioo, ipo mpya kabisa,
nyeusi, kitako cha plastiki kisichojua unyevu,
mia tisa na hamsini, darubini juu yake.
Kipya kinyemi. Nimeishika. Nyepesi mno,
kama kupeana mkono na mtu
ambaye macho yake yameshafika kwa mgeni anayefuata.

"Hebu niambie kwanza," anasema Reijo, "imekukosea nini."

Mwaka jana, ukingoni mwa kinamasi,
elki alitoka kwenye misonobari, dume kijana,
mrefu kama farasi, pembe zimekunjuka
kama viganja vya mtu anayekinga mvua.
Nililenga nyuma ya bega.
Alipiga magoti. Akainuka. Akaenda.
Saa saba na mbwa, tukifuata damu
iliyokuwa ikipungua badala ya kuzidi.
Tulimkuta usiku, kwa tochi, yu hai bado,
ananitazama bila kunilaumu,
na hilo ndilo sijalimeza.
Risasi yangu ilikuwa tumboni,
shubiri mbili kutoka nilikoituma.

"Mtutu umekwisha," namwambia. "Au ufa unacheza.
Au skrubu. Kitu."

Hajibu. Anachukua risasi zangu tano,
anaibeba bunduki mikononi, mlango unajifunga nyuma yake.
Nasikia mlio wa kwanza kutoka uwanja wa shabaha.
Nahesabu. Kati ya wa tatu na wa nne
nimesoma kalenda yote ya ukutani, hata ya mwezi ujao.

Anarudi na karatasi iliyolowa pembeni.
Matundu matano. Anayafunika yote
kwa kifuniko cha kopo lake la ugoro.

Hasemi, "Hilkka, ni jicho lako."
Anafuta mtutu, taratibu, kwa kitambaa chenye mafuta,
halafu anauliza: "Marehemu mama yako,
alianza lini kuona taa zimeota manyoya?"

Akiwa na sitini na moja, nikasema,
na umri wangu ukavuta kiti, ukakaa kati yetu.

Nimemwachia. Azibe ufa vizuri, euro thelathini,
kwa sababu ufa nao ni wa kweli,
haukunidanganya, nilijidanganya kwao.
Nimempigia Tarmo, mkuu wa kikosi chetu:
Jumamosi sitakaa kwenye kituo cha kupiga.
Nitakwenda na mbwa. Hakuuliza kwa nini.
Alisema nije na buti za mpira, kinamasi kimejaa.

Njiani kurudi, giza limeshaingia saa kumi na mbili,
magari yananijia mmojammoja kutoka Kajaani,
na kila taa ina manyoya yake.
Vuli nzima nimedhani ni mvua.