Kisanduku cha Tisa

Miaka mitatu nililibeba duka kichwani
kama mtungi usio na ngata.
Kila hatua maji yalimwagika kidogo,
nami nikasema: ni jasho.

Dundee, mtaa wa Hilltown. Chumba cha upana wa kitanda,
cherehani mbili, pasi moja, na kioo kirefu
alichokiacha kinyozi aliyefilisika kabla yangu.
Napunguza suruali, nabadilisha zipu,
naziba matundu ya nondo kwenye makoti ya mazishi.
Desemba, saa kumi jioni,
jua limeshafunga duka lake, mimi bado.

Bwana Petrie wa benki hakunikatalia.
Alinisukumia karatasi nne juu ya meza,
visanduku kumi na kimoja. Iandike, Bi Raya, halafu uje.
Nikamwona kama mtu aliyeombwa maji
akachora ramani ya kisima.

Mali bila daftari hupotea bila habari,
baba alikuwa akisema, akifunga kibanda chake cha mkaa.
Mimi nilidhani anasema habari za matajiri.

Kisanduku cha kwanza, jina. Chepesi.
Cha pili: Wateja wako ni nani?
Nikaandika: Watu wote.
Nikayatazama maneno yale mpaka yakaona haya.
Watu wote hawapandi kilima hiki.

Kesho yake nikaanza kuchora vijistari
nyuma ya bahasha ya bili ya gesi,
kimoja kwa kila aliyesukuma mlango.
Wiki mbili. Wauguzi, kumi na tisa.
Wazee wenye zipu, kumi na mmoja.
Bibi harusi, mmoja,
aliyenila siku nne, yeye na machozi yake.
Nami dirisha zima nilimpambia yeye,
na wauguzi nikawafungia mlango saa kumi na moja,
wao zamu inawaachia saa mbili usiku.

Cha sita: Ni miezi gani migumu?
Januari nilikuwa nikiiogopa tu, miaka yote.
Nilipoiandika ikawa na kimo:
pauni mia tatu na arobaini.
Basi? Hiyo tu?
Hiyo ningeikata vipande tangu Septemba,
kwenye pindo za sketi za shule.

Cha tisa: Mshahara wa mwenye duka.
Nikakiruka.
Nikajaza cha kumi, nikajaza cha kumi na kimoja,
nikachemsha chai, nikafunika mtoto miguu, nikarudi.
Bado kitupu, kimenikodolea.

Umeme ulikuwa unalipwa. Uzi ulikuwa unalipwa.
Hata kile kioo, mwenye nyumba alinitoza pauni tano.
Katika duka lile lote
wa bure nilikuwa mimi.

Nikahesabu: saa hamsini na nane kwa wiki.
Nikagawanya, nikarudia kugawanya, nikidhani nimekosea.
Pauni moja na peni sabini.
Binti wa mtu ningemlipa hivyo
wangenipeleka mahakamani, na ningestahili.

Nikaandika tarakimu. Nikaifuta. Ndogo mno.
Nikaandika nyingine, mkono ukitetemeka
kama ninaiba kwenye mfuko wangu mwenyewe.
Kisha nikarudi juu ya ukurasa, kwenye zipu,
na sita ikawa tisa.

Mzee Geddes alikuwa wa kwanza kuisoma bei mpya.
Nilijishughulisha na sindano isiyo na uzi.
Akahesabu sarafu, akaziweka mezani, akasema:
Ile ya zamani ilikuwa ikinitia aibu.

Nilipoipeleka karatasi, Bwana Petrie amehamishwa.
Kijana mgeni akaipekuapekua, akasema atanipigia.
Ni Machi sasa. Hajapiga.
Nakala yangu ya mkono ipo, nimeiegemeza nyuma ya pasi,
chai imemwagikia kisanduku cha sita,
na kila mwezi naikosoa kwa kalamu nyekundu
kama mwalimu asiyeridhika.

Alhamisi nafunga saa tatu usiku.
Wauguzi wanakuja na sare zao begani, wamechoka, wanacheka.
Kisha nashuka kilima polepole, barafu chini,
mikono mfukoni,
na kichwani sina kitu
ila kofia.