Mlaji

Nimeinunua Newala kwa kilo, kama chuma chakavu:
mota iliyobangua korosho za wengine misimu kumi na mmoja,
ikila umeme, haishibi.

Somoe akacheka: "Mlaji hageuki mpishi."

Nikapasua bomba la plastiki, nikachonga mapanga matatu,
nikayapandisha nguzoni, ukingoni mwa bonde,
upepo wa Ruvuma unakopanda bila kubisha hodi.

Siku mbili yanazunguka tu. Taa, giza.
Ya tatu nikaipa puli kubwa
na kapasita ya feni mbovu.
Sindano ya mita ikashtuka:
arobaini. Tisini.
Mia mbili na kitu.

Sasa Somoe anahesabu korosho usiku,
zake mwenyewe.
Hajasema neno.
Tuko wawili. Leo kapakua sahani tatu.